Kisu cha springi: makali yanajikunja na bapa linapinda, nirekebishe nini kwanza?

Mkaa_wa_Mgeta

Ndugu wanajukwaa, salaam. Tangu mwaka jana nimekuwa nikitengeneza visu kwa mkono baada ya saa za kazi, si kwa ajili ya kuuza, bali kwa sababu kazi hii imenishika moyo. Ninatumia chuma cha springi za gari ninachonunua kwa wauza vyuma chakavu. Ninakikata kwa grinda, kisha umbo lote ninalitoa kwa tupa. Visu vyangu vya mwanzo vilikuwa vizito mno, lakini hiki cha sasa, ambacho ni cha jikoni chenye bapa la sentimita 15 na mgongo wa milimita 4, kimeanza kukaa vizuri mkononi.

Shida iko kwenye moto. Ninakipasha kisu katika jiko la mkaa linalopulizwa na feni ndogo hadi kiwe chekundu, ninakizamisha katika mafuta ya alizeti, kisha ninakiweka katika oveni ya umeme kwa nyuzi 200 ili kisiwe rahisi kuvunjika. Kikitoka tu kwenye mafuta, tupa huteleza juu yake bila kushika, nami nachukulia kwamba kimekuwa kigumu. Hata hivyo, nikishakinoa na kumenya nacho mihogo, makali hujikunja kuelekea upande mmoja. Pili, bapa hupinda kidogo karibu kila mara ninapolizima, yaani ninapolizamisha mafutani likiwa la moto. Je, nirekebishe nini kwanza? Na je, wakati umefika wa kutafuta fuawe (chuma kizito cha kugongea) na kuanza kufua chuma kwa nyundo, badala ya kutegemea tupa?

Mfua_Chuma_Ugweno

Kijana wangu, karibu. Mimi ni mtu wa Ugweno, Upareni, kwenye ukoo wa Washana ambao uhunzi ni urithi wao, na fuawe ninaipenda kuliko chombo kingine chochote. Hata hivyo, kwa swali lako la mwisho jibu langu ni hapana. Nyundo hukipa chuma umbo; ugumu wa makali hutokana na jinsi ulivyokipasha na jinsi ulivyokizima, na mtu anayetumia tupa anaweza kuupata sawasawa na anayefua. Ukianza kufua sasa, tatizo lako litakufuata lilivyo.

Rangi nyekundu hudanganya, hasa mchana. Fanya kazi hiyo kivulini au jioni, na uwe na sumaku karibu, hata ile ya spika mbovu. Chuma huacha kuvutwa na sumaku kikifika takriban nyuzi 770, ilhali springi nyingi za gari huhitaji kupanda zaidi kidogo, kati ya 815 na 845, kabla ya kuzimwa. Kwa hiyo sumaku ikishaacha kushika, endelea kupasha taratibu hadi rangi ing'ae zaidi kidogo, huku ukikisogeza kisu mbele na nyuma ndani ya makaa ili ncha, ambayo ni nyembamba, isitangulie kuungua. Mafuta nayo yapashwe hadi nyuzi 50 au 60, kwa kuwa yakiwa baridi huwa mazito na hayazunguki vizuri kwenye chuma. Maji usiyatumie kabisa, kwani springi nyingi za aina hii huwa ngumu kwa mafuta, na kwenye maji zinaweza kupasuka. Weka pia mfuniko wa bati kando ya chombo cha mafuta, kwa sababu mafuta yakishika moto huzimwa kwa kufunikwa.

Kuhusu kupinda, chuma hubeba mkazo kutokana na kukatwa na grinda na miaka ya kubeba gari. Kabla ya kuzima, kipashe kisu hadi sumaku iachie, kisha kiache kipoe hewani penye utulivu. Rudia mara tatu, kila mara kwa moto mdogo kidogo kuliko uliopita. Hakikisha unene wa pande zote mbili unalingana, na acha ukingo wa makali uwe na karibu milimita 1 hadi baada ya kuzima. Kisu kiingie kwenye mafuta kikiwa wima, na ukitaka kukitikisa, kitikise kwa kufuata mstari wa makali, kamwe si ubavuni.

Nakuomba ufanye jambo moja zaidi. Chukua kipande cha springi hiyo hiyo, kizime, kifunike kwa kitambaa kizito, kisha kivunje kwenye jiliwa (kibanio cha meza ya kazi) huku umevaa miwani ya kazi. Tazama pale kilipovunjikia. Ukiona uso wa kijivu laini usiometameta, moto wako ulikuwa mzuri. Ukiona chembe zinazong'aa kama sukari, ulikipasha kupita kiasi. Kipande hicho kitakufundisha mengi kuliko maelezo yangu.

Kinoo_Tanga

Ndugu Mgeta, ninakubaliana na mzee kuhusu moto, ila naona tusiuhukumu kabla ya kukitazama kinoo. Mimi hunoa visu vya mahoteli, na makali yanayolalia upande mmoja ninayaona kila siku hata kwenye visu vyenye chuma kizuri. Mara nyingi kinacholala si makali yenyewe, bali ni utepe mwembamba wa chuma unaobaki ukingoni baada ya kunoa. Kisu hukata karatasi vizuri sana kwa huo utepe, halafu ukigusa kitu kigumu unajikunja. Ili uuondoe, punguza nguvu kadiri unavyoendelea, badilisha upande kila unapovuta mara moja, kisha malizia kwenye mkanda wa ngozi.

Ukishahakikisha kwamba utepe umeondoka, tafuta fimbo ya shaba ya njano yenye unene wa milimita 6 hivi, ibane kwenye jiliwa, na uyakandamize makali juu yake kwa pembe uliyonolea. Tazama kwa makini penye mwanga: ukingo unapaswa kunyumbuka na kurudi. Ukibaki umepinda, chuma ni laini mno. Ukimeguka, ni kigumu mno. Hapo ndipo utajua kama kosa ni la kinoo au la moto.

Jambo jingine linalonitia wasiwasi ni oveni. Tupa yako uliipitisha kabla kisu hakijaingia humo, kwa hiyo haikuelezi lolote kuhusu kilichotokea ndani yake. Waya wa juu wa oveni hizi hutoa joto kali linalolipata bapa moja kwa moja. Je, kisu kilitoka kikiwa na rangi gani?

Mkaa_wa_Mgeta

Shikamoo mzee, na asante sana ndugu wa Tanga. Nimefuata maelekezo yenu kwa utaratibu. Kipande nilichokivunja kina uso wa kijivu laini, hivyo nadhani moto wa jiko uko karibu na unaotakiwa. Utepe niliuondoa, nikajaribu kwa shaba: karibu na mpini makali yananyumbuka na kurudi, lakini sentimita 4 za mwisho kuelekea ncha yanabaki yamepinda. Nilisafisha bapa kwa msasa na kulirudisha katika oveni ili nione rangi, na ncha ilitoka na rangi ya samawati wakati sehemu nyingine ni ya manjano hafifu.

Kinoo_Tanga

Basi tatizo lenyewe limeonekana. Rangi ya samawati huashiria joto la karibu nyuzi 300, na hapo ugumu wa ncha umeshapungua. Manjano hafifu ni nyuzi 200 na kitu, ambayo ndiyo unayoitaka kwa kisu cha jikoni. Zika kisu ndani ya trei ya mchanga mkavu, tia kipimajoto kwenye mchanga huo, subiri hadi joto litulie, kisha ukiache kwa saa 2, kipoe, na urudie tena kwa saa 2. Kisu hiki hakijapotea: kipashe upya kama mzee alivyoeleza, ukizime tena, kisha ukiweke mchangani.

Mfua_Chuma_Ugweno

Marahaba. Naongeza mambo mawili tu. Milimita 4 ni nyingi kwa kisu cha mihogo na nyanya. Ukishamaliza kazi ya moto, punguza mgongo hadi 2 au 3, na ukingo ufike nusu milimita kabla ya kunoa. Ukitumia grinda katika hatua hiyo, shika bapa kwa mkono mtupu bila glavu, na kila joto linapokusumbua vidole lichovye majini, kwa maana rangi ya samawati inaweza kurudi ukingoni mara moja.

La pili ni mpini. Ikiwa utatumia mpingo, funika pua na mdomo unapoupiga msasa, kwa sababu vumbi lake huwasha, na ufute mbao kwa spiriti kabla ya kupaka gundi, kwa kuwa mafuta yaliyomo huizuia gundi kushika. Kisu kinachofuata kitengeneze kwa umbo hili hili na springi hii hii, usibadilishe chochote isipokuwa moto.