Mtoto wako alisimama dede akiwa na miezi mingapi? Tupeane uzoefu

Mama Kitinda: Wakuu, leo nimemuona kijana wangu akiinama kupita mlangoni asigonge kichwa. Nikabaki nimeduwaa. Huyu si ndiye aliyenikosesha usingizi? Hakutambaa hata siku moja. Alikuwa anasota: tako moja chini, mguu mmoja anaupiga kasia, mkono umeshika kitu. Suruali zote zilitoboka upande mmoja. Kila mgeni na lake, mara nambeba mno, mara mvivu, mara kichwa kizito. Miezi 17 kasoro siku chache akaachia kiti, akaenda tete hatua nne, akakaa chini akacheka. Nililia mimi. Nyie wenzangu ilikuwaje?

Kisoda: Wangu pia hakutambaa. Alikaa, akasimama dede, basi.

Baba Pacha: Nina pacha. Mmoja katembea miezi 10, mwenzie 15. Ila huyo wa 15 kwenye miezi 9 alikuwa anaokota chembe ya mchanga kwa kidole gumba na cha shahada, kama kuku anadona. Yule mkimbiaji wakati huo alikuwa bado anakomba kwa kiganja kizima.

Ngazi Kumi na Moja: Nilikuwa napita tu, ila naona nimwage langu. Miezi 8, nimemuweka kwenye kile kigari cha magurudumu cha kujifunzia kutembea. Simu ikaita chumbani. Nilikuwa nausikia ule mlio wa magurudumu sakafuni, krr, krr, halafu ukakoma. Kisha kishindo, kimoja baada ya kingine. Niliyemfungulia mlango wa ngazi ni mimi mwenyewe, asubuhi ile ile. Nilimkuta chini, kigari kimemlalia, halii. Ndicho nisichokisahau, kwamba halii.

Kisoda: Mungu wangu! Alipona???

Shangazi Mkali: Wangu watatu wote wamepita kwenye kigari, wazima. Tatizo simu, sio kigari.

Baba Pacha: Mwenzio anamwaga machozi, wewe unamchapa! Canada wamepiga marufuku kuviuza tangu 2004, unadhani kwa kupenda?

Shangazi Mkali: Basi hamia huko.

Kisoda: Jamani, ALIPONA?

Dawa Chungu: Kigari hakifundishi kutembea hata kidogo. Mtoto anasukuma kwa ncha za vidole, kujizuia asianguke hajifunzi. Muacheni sakafuni. Na Mama Kitinda, hukuwa na haja ya kukesha: kwenye viwango vya Shirika la Afya Duniani vya 2006, kutembea bila kushikwa ni kati ya miezi 8 na karibu 18, na kama asilimia 4 hawakutambaa kwa mikono na magoti. Ila akipita miezi 18 hajatembea, apelekwe. Akiwa chini ya mwaka anatumia mkono mmoja tu, apelekwe. Akiacha jambo alilokuwa analiweza, usingoje hata wiki.

Mjomba Rimoti: Weka rimoti mbali naye. Atakimbia.

Shangazi Mkali: Msimamishe dede kila siku, miguu ikaze.

Dawa Chungu: Muache asimame mwenyewe.

Ngazi Kumi na Moja: Samahani, nilishindwa kuendelea. Alipona. Fuvu lilipata ufa mwembamba, ukaunga. Sasa ana miaka 13, anacheza mpira, ila goti linamsumbua, chini ya kilegesambwa pametuna. Naogopa ni ile ajali.

Dawa Chungu: Sidhani kama ni ajali. Umri huo mifupa inarefuka haraka, msuli wa paja unavuta pale ulipojishika, na mpira unaongezea. Huwa inatulia akimaliza kukua. Lakini apumzike, na daktari amwone, hasa kama linamwamsha usiku.

Baba Pacha: Kumbe! Ndiyo maana wangu siku hizi anajikwaa penye tambarare?

Dawa Chungu: Nyayo hutangulia, miguu inafuata, kiwiliwili mwisho. Wasichana kasi hiyo huwakuta kama miaka 12, wavulana 14.

Kisoda: Na matege? Wangu ana mwaka na nusu.

Dawa Chungu: Bado mapema. Kwenye 3 au 4 utakuja kulalamika magoti yanagongana.

Mama Kitinda: Huyu wangu karudi sasa hivi. Safari hii hakuinama. Natafuta barafu.