Kikundi: Ukoo wa Mzee Salum (Tanga, Dar)

Shangazi Mwanaidi: Zuhura mwanangu, mwaka wa pili huu wa ndoa. Tumbo lini? Au nije nikukande?

Zuhura: Shikamoo shangazi. Daktari wa moyo kasema nisibebe kwanza. Nina Marfan, ule ugonjwa wa kurithi aliokuwa nao baba. Mshipa mkuu unaotoka kwenye moyo umefika milimita 42.

Shangazi Mwanaidi: Marahaba. Milimita ndo nini jamani? Mambo ya kupima pima haya yanaleta ugonjwa.

Da Rehema: Mama, hapo mwache. Mimi mkunga, nayajua haya. Mimba inaongeza damu mwilini na moyo unapiga kwa nguvu zaidi. Kwa mwenye Marfan ukuta wa ule mshipa ni dhaifu, unaweza kuchanika. Ukipita 45 wengi huambiwa wafanyiwe upasuaji kwanza ndipo wabebe. Kati ya 40 na 45 daktari anaangalia mtu na mtu.

Omari: Kwa hiyo hakatazwi kuzaa?

Da Rehema: Hakatazwi. Anapangiwa. Zuhura, bado unakunywa losatani, ile dawa ya presha?

Zuhura: Ndiyo, kila usiku.

Da Rehema: Basi usibebe ukiwa nayo, inaharibu figo za mtoto tumboni. Wala usiache mwenyewe. Mwambie daktari akubadilishie kabla hujaacha uzazi wa mpango. Na ukishabeba, ni eko, kile kipimo cha picha ya moyo, mara kwa mara mpaka unajifungua, tena hospitali yenye madaktari wa moyo, siyo zahanati ya hapo mtaani.

Shangazi Mwanaidi: Na mtoto je? Atachukua?

Da Rehema: Kila mimba ni nusu kwa nusu. Mvulana au msichana, sawa tu.

Shangazi Mwanaidi: Mimi dada wa baba yake, nimezaa sita, na nipo.

Da Rehema: Labda hukuipata. Au unayo na haijakusumbua, maana ndugu wa damu hawaumwi sawa. Hujawahi kupimwa mama. Wala mimi.

Omari: Nimeshika kifundo cha mkono kwa dole gumba na kidole cha mwisho. Vimepitana kucha nzima 😳

Da Rehema: Baba Zuhura alikuwa na vidole virefu hivyo hivyo, na miwani mizito. Kidole peke yake hakisemi kitu, Omari. Kapime eko.

Omari: Mimi mwanaume, sizai.

Da Rehema: Mshipa unao. Na watoto unao watatu.

Zuhura: Da Rehema, nikishajifungua si ndo yamekwisha?

Da Rehema: Hapana! Wengine huchanika wakiwa ndani ya arobaini. Mama, sikiliza hapa, maana wewe ndo utakayemkanda. Akikwambia kifua au mgongo umemshika ghafla kama unapasuka, usimwambie uchovu wa uzazi. Usimpe uji ukangoja. Gari hospitali saa hiyo hiyo, na useme mlangoni: ana Marfan.

Shangazi Mwanaidi: Kaka yangu alishika mgongo hivyo asubuhi. Mchana tukamzika. Watu wakasema karogwa.

Zuhura: 😢

Shangazi Mwanaidi: Hiyo eko inapimwa wapi?

Da Rehema: Muhimbili, kwa Jakaya Kikwete, taasisi ya moyo. Njooni wote, mlale kwangu. Mje na kadi za bima.

Omari: Yangu imeisha muda.

Shangazi Mwanaidi: Kailipie. Mumeo anayajua haya, Zuhura?

Zuhura: Anajua. Mama yake ndo bado.

Shangazi Mwanaidi: Huyo niachie mimi.