Nimbandue Che kwenye bajaji yangu, au nimwache?

BajajiYaKibirizi

Wakuu, habari za jioni. Ninaendesha bajaji hapa Kigoma, Kibirizi hadi Mwanga hadi Ujiji, mwaka wa 9 huu. Kwenye kioo cha nyuma nina picha ya Che Guevara, ile ya bereti yenye nyota. Niliibandika siku nilipomaliza mkataba na chombo kikawa changu. Kwangu yule alikuwa mtu wa wanyonge: daktari, waziri mzima huko Kuba, akaacha ofisi akaja kulala matopeni ng'ambo ya ziwa letu.

Jumanne iliyopita boti la Kongo lilipotia nanga nilimpakia mzee mmoja, ana fimbo na kifuko cha dagaa. Kabla hajapanda alizunguka nyuma, akasimama anaitazama ile picha muda mrefu hadi nikadhani kuna kitu amesahau kwenye boti. Akaniuliza, "Huyu si Tatu?" Nikamwambia hapana mzee, huyu ni Che. Akasema, "Ndiye huyo huyo Tatu." Njia nzima hakusema tena. Pale Mwanga alinihesabia nauli yangu, sarafu moja moja, kisha akaniambia: "Huyu umemjua kwa picha. Waliobaki ufukweni siku ile, unawajua?" Akaenda zake.

Tangu siku hiyo nikiosha bajaji, nikifika kile kioo mkono unakuwa mzito. Mnaoijua historia hii nisaidieni. Ni nani walibaki ufukweni? Na ninyi mngeibandua? Naomba asije mtu kuniambia mambo ya zamani niachane nayo. Mzee yule hajaachana nayo.

MwalimuWaZamu

Mwanangu, nimefundisha historia sekondari miaka 31 na sikumbuki mwanafunzi aliyeniuliza swali zito kama lako. Ndiyo, kuna watu waliachwa ufukweni, na aliyeliandika hilo ni Che mwenyewe.

Aliingia Dar es Salaam Aprili 1965, amenyoa ndevu, ana pasi ya jina jingine. Yeye na wenzake wachache wakaja kwa gari hadi hapo kwenu Kigoma, wakavuka ziwa usiku, na Aprili 24 wakatua Kibamba, upande wa Fizi, mashariki mwa Kongo. Ili wasijulikane walipewa hesabu za Kiswahili ziwe majina. Víctor Dreke, Mkuba mweusi aliyetangulizwa kama kiongozi, akawa Moja. José María Martínez Tamayo akawa Mbili. Che, aliyetambulishwa kama daktari na mkalimani tu, akawa Tatu. Kwa hiyo mzee wako hakukosea. Hata Laurent Kabila, kiongozi wa waasi wa eneo lile, hakuwa ameambiwa ni nani anayekuja.

Wakuba walifika kama 120, wengi wao weusi, kuwasaidia waasi wa Kikongo walioitwa Simba, waliokuwa wanapigana na serikali ya Léopoldville, Kinshasa ya leo, na askari wake wa kukodiwa kutoka nje. Mwishoni mwa Juni walishambulia Bendera, penye kituo cha umeme. Wakafa Wakuba 4 na Wanyarwanda wengi zaidi waliokuwa upande wao, na karatasi zilizokutwa kwa maiti zikafichua kwamba Kuba iko vitani. Baada ya hapo ni malaria, kuhara, na kungoja. Wakuu wa Kikongo walikuwa mijini, Dar na kwingineko. Kabila alikuja mstari wa mbele Julai, akakaa siku chache, akavuka tena. Leonard Mitudidi, ambaye Che alimwamini kuliko wote, alikuwa amezama ziwani mwezi uliotangulia.

Sasa sikiliza jambo hili, maana ndipo ninapokaa na darasa muda mrefu. Che aliwaandika wapiganaji wa Kikongo kwa maneno makali mno. Alilalamika kwamba ukimwambia mtu abebe gunia la chakula kupanda mlimani, anajibu "mimi hapana motokari". Kwake huo ulikuwa uvivu. Mimi nikilisoma neno hilo, nawasikia watu ambao babu zao walibebeshwa mizigo na Wabelgiji kwa kiboko, halafu anakuja mgeni mwingine mweupe anawaambia wabebe. Naye Che, mwishoni mwa maandishi yake, anakiri kwamba hakujifunza Kiswahili vya kutosha. Aliegemea Kifaransa, akaongea na maofisa, askari wa kawaida akawa mbali naye. Miezi 7 katikati ya watu, na hakuwa na lugha ya kuwauliza wanaogopa nini. Lawama zote alizowapa zisomwe pamoja na ungamo hilo.

Oktoba Tshombe aliondolewa uwaziri mkuu wa Kongo, nchi za Afrika zikakubaliana kule Accra kutoingiliana, na Novemba serikali yetu ikawaambia Wakuba msaada ukome. Hili nalo tulibebe, Tanzania tulikuwamo. Usiku wa kuamkia Novemba 21 boti zikaja. Wakuba wakapanda. Wakongo waliopigana pamoja nao wakawa wanabembeleza wachukuliwe, na wengi walikataliwa. Che hakulificha hilo: aliandika kuhusu vilio vyao na aibu ya saa ile. Kisha akajifungia ubalozi wa Kuba hapo Dar akaandika yote, akaanza kwa kusema kwamba hiki ni kisa cha kushindwa. Maandishi hayo yalikaa kabatini hadi miaka ya 1990.

Mimi nisingeibandua. Lakini nisingemwita tena mtu wa wanyonge bila kusimulia usiku ule.

Mutoto_wa_Baraka

Jambo wote. Mimi ni Mubembe, nimezaliwa Baraka, sasa niko Lubumbashi. Mwalimu, aksanti, umesema vizuri, ila acha niongeze ya upande wetu.

Kwenu vita iliisha boti zilipofika Kigoma. Kwetu siku chache tu baadaye Mobutu akachukua nchi, akakaa miaka 32. Kabila akabaki na watu wake kwenye milima ya Fizi, na vijiji vikakaa katikati ya askari wa serikali na maquis, wale waasi wa msituni. Ukilima, huyu anasema unalisha waasi. Ukikataa kutoa muhogo, yule anasema umeuza watu. Wazee wetu wameishi hivyo miaka na miaka. 1997 huyo Kabila akaingia Kinshasa, akawa rais, na huku Fizi barabara bado ni ile ile ya mashimo.

Kwa hiyo mimi simchukii Che. Alikuja kufa na sisi na pumu yake ile, kwenye baridi ya mlimani, na hakuiba dhahabu yetu. Wangapi wamekuja Kongo bila kuondoka na kitu? Lakini alikuja na vita aliyoijua kutoka milima ya Kuba, akaona sisi ndio wabaya kwa sababu haikuenda kama ile ya huko. Dawa ya mganga, ile ya kukinga risasi, aliiona ujinga. Sisi tulikuwa na nini kingine mbele ya ndege?

Ndugu wa bajaji, muzee huyo hakukuambia utoe picha. Amekuuliza swali.

Mkerewe77

Acha picha ilivyo. Alimpiga Batista, dikteta wa Kuba, akauawa Bolivia Oktoba 1967 akiwa na miaka 39, mikononi mwa walioogopa hata kumfikisha mahakamani. Viongozi wangapi wa leo wanaweza kuacha gari la serikali waende kufa kwa ajili ya nchi isiyo yao? Mimi fulana yake naivaa na nitaendelea kuivaa.

Daktari_Mpole

Mkerewe77, umetaja mahakama, hapo hapo nisimamie. Nilisomea udaktari Kuba, nimekaa miaka 7, nchi ile nimeila chumvi yake. Januari 1959 Che alikabidhiwa ngome ya La Cabaña pale Havana. Watu wa Batista walihukumiwa haraka haraka, yeye ndiye akiwa mwenye kauli ya mwisho kwenye rufaa, na makumi walipigwa risasi. Kati yao walikuwamo watesaji kweli. Lakini kesi ya usiku mmoja haiwezi kutenganisha mtesaji na aliyesingiziwa. Desemba 1964, mbele ya Umoja wa Mataifa, alisema wazi kwamba wameua kwa kupiga risasi na wataendelea kila itakapobidi. Mtaani nilikopanga, nyumba moja picha yake ilikuwa sebuleni karibu na ya Bikira Maria. Nyumba ya pili yake, mama mwenye nyumba alikuwa akisikia jina lile ananyanyuka anaenda jikoni. Mabibi hao wawili walikuwa wakiazimana sukari, ila habari ile hawakuigusa.

Na kuna mtu mmoja ningependa BajajiYaKibirizi amjue. Freddy Ilanga, kijana wa Kikongo wa miaka 16 aliyepewa kazi ya kumfundisha Che Kiswahili na kumtafsiria. Baada ya vita alipelekwa Kuba, akasoma, akawa daktari bingwa wa upasuaji wa ubongo kwa watoto. Miaka mingi hakuwa na mawasiliano na familia yake Kongo. Alifariki Kuba mwaka 2005. Nikimkumbuka yeye nashindwa kusema mapinduzi yale yalikuwa mazuri au mabaya. Watoto wangapi wako hai kwa mikono yake? Na mama yake je, alilala masiku mangapi hajui mwanawe yuko wapi?

BajajiYaKibirizi

Nimesoma yote, mengine nimeyasoma mara mbili nikiwa kijiweni nasubiri abiria. Mwalimu, shikamoo na asante sana. Mutoto wa Baraka, asante kaka, sentensi yako ya mwisho imenikaa.

Jana jioni nilichukua wembe na maji ya sabuni, nikaanza pembeni, nikaacha. Kipande cha bereti kimeinuka kidogo, picha bado ipo.

Mwenye boti ameniambia mzee yule huja kila Jumanne kumwona binti yake Mwanga. Nitakuwa mwaloni mapema. Moja, Mbili na Tatu nimeshawajua, hadi majina yao kamili mwalimu ameyaandika. Wa ufukweni sijasikia jina hata moja. Nitamwomba aniambie anaowakumbuka, na daftari nimeshanunua.