Mrejesho: presha ya jicho la mama baada ya operesheni ya glakoma

Wakuu habari zenu, niliuliza hapa kama operesheni ya glakoma (ugonjwa wa macho ambao presha ndani ya jicho inaua uoni taratibu) kweli inashusha presha ya jicho, maana mama matone yalishashindwa, jicho la kulia likawa linasoma 34 wakati kawaida ni kama 10 hadi 21. Basi kafanyiwa. Wanafungua kinjia kidogo kwenye weupe wa jicho, pale juu, ili maji ya ndani yapate pa kutokea, ukimwinua kope unaona kauvimbe kama lengelenge, ndo yanapopitia. Mwanzoni ikaporomoka mpaka 5 akawa anaona ukungu, niliogopa sana, kumbe ikishuka mno nayo ni shida, akaambiwa asiiname, asinyanyue ndoo, asifikiche jicho. Sasa inacheza kwenye 12, 13, namshukuru Mungu sana.

Ila jamani uoni uliokwisha kupotea haurudi, inalinda uliobaki tu. Na kliniki lazima, kwa sababu kovu linaweza kuziba kile kinjia presha ikapanda tena, ndo maana bado anatumia matone ya kutuliza uvimbe ili kovu lisijijenge. Jicho la kushoto anaendelea na dawa za kushusha presha ya jicho. Mimi na dada tumeshapima pia, huu ugonjwa unatembea kwenye familia.