Naomba ushauri: graviti na kani ya nyuklia zina uhusiano?

Habari zenu wakuu. Nafundisha fizikia kidato cha sita hapa Tabora. Mwanafunzi wangu anadai kani inayoshikilia protoni ndani ya kiini cha atomu ni graviti ileile, ila ukaribu umeifanya kali. Tukapiga hesabu ubaoni: protoni mbili zikiwa umbali wa mita 10⁻¹⁵, umeme unazisukuma kwa takribani nyutoni 230, graviti inazivuta kwa nyutoni 1.9 × 10⁻³⁴ tu. Akauliza, swali zuri kweli: je, huenda kanuni ya Newton ya graviti inabadilika katika umbali mdogo hivyo? Nimemwambia kani ya nyuklia hufifia ghafla nje ya kiini, graviti hufika mbali. Hajaridhika, na sitaki kumkatisha tamaa.

Majaribio ya kupima graviti yamefikia umbali mdogo kiasi gani? Na gluoni, yaani chembe zinazobeba kani kali ambayo ndiyo chanzo cha kani ya nyuklia, nimweleze vipi bila hesabu za chuo kikuu?