Tupeane uzoefu: picha za watoto bila vilio

Wakuu, habari zenu. Nataka kuwapiga wanangu picha za kumbukumbu. Mkubwa ana miaka 6, mdogo hajafikisha 2. Sitaki zile za kusimamishwa kama gwaride, mtoto kakaza shingo na meno kayatoa kwa amri. Waliofanikiwa, mlijipangaje?

Mama Mapacha: Fuata saa za usingizi wao, mengine baadaye. Wangu wakiamka mchana na kushiba, nina kama nusu saa ya furaha. Nguo mpya wavae mapema washinde nazo nyumbani. Ya mmoja ilikuwa na lebo inamkwaruza shingoni, nikaikata kabla ya siku yenyewe.

Mpiga picha mstaafu: Lala chini, kamera iwe usawa wa macho ya mtoto. Jua la utosini linatia vivuli machoni. Mpeleke kivulini, au ndani karibu na dirisha kubwa na taa uzime. Akikimbia, kasi ya shata (pazia la kamera linalofunguka kuingiza mwanga) isipungue 1/500 ya sekunde. Fokasi iwe kwenye jicho lililo karibu na lenzi. Wakikaa mmoja mbele mwingine nyuma, ukipiga kwa f/2, yaani tundu la lenzi likiwa wazi sana, wa nyuma anatoka ukungu, libane hadi f/5.6 angalau. Halafu jamani, mchekeshaji awe mmoja tu na asimame nyuma ya mpiga picha! Shangazi anaita kushoto, babu anapiga makofi kulia, mtoto atazame wapi?

Baba Wawili: Mimi natumia simu, nashikilia kitufe ipige mfululizo. "Cheka" silitamki kabisa. Nilimwambia mdogo amnong'oneze dada yake siri. Siri yenyewe ilikuwa habari ya ushuzi. Iliyoko ukutani leo, dada kafumba macho, pengo la mbele liko wazi, na mdogo bado kamng'ang'ania sikio.

Mama Mapacha: 😂😂 Hiyo ndiyo picha sasa.

Bibi Mjukuu Mmoja: Wangu alikuwa akiiona kamera anajificha. Tukampa apige yeye kwanza. Akapiga magoti yangu na miguu ya meza, kisha akakubali zamu yake.

Mwenye mada: Asanteni sana. Huyu mdogo anaogopa wageni, na mpiga picha hatujuani naye. Nifanyeje?

Mpiga picha mstaafu: Aje mapema, kamera ibaki begini. Akae sakafuni achezee vitu vya mtoto bila kumsemesha. Mtoto atamsogelea mwenyewe. Mkubwa muanze naye, mdogo aone. Akikataa kabisa, mpakate wewe. Na siku nyingine zipo.