Tupeane uzoefu: Ulitambuaje mahali ilipopigwa picha ya zamani ya baa ya kijijini Uingereza?

Mleta Mada

Ndugu zangu, naomba tupeane uzoefu juu ya jambo linalowasumbua wengi wanaohifadhi picha za zamani kutoka Uingereza. Picha inaonyesha baa ya kijijini, watu wamesimama mlangoni, nyuma yake hakuna maandishi ya maana, na aliyepafahamu mahali hapo ameshafariki. Hata jina la baa likisomeka kwenye kibao halitoshi, kwa sababu Red Lion, Crown na Royal Oak ni majina yaliyobebwa na mamia ya baa katika kaunti mbalimbali. Aliyefanikiwa kukipata kijiji chenyewe atueleze alianzia wapi na ni kitu gani kilichomthibitishia. Makisio tuyaweke kando.

Mtunza Albamu

Marehemu baba alisomea ualimu Uingereza mwanzoni mwa miaka ya 1960. Katika albamu yake kuna picha ya wanachuo wenzake wameketi kwenye benchi mbele ya baa, naye amesimama pembeni na glasi ambayo mama hadi leo anasisitiza kwamba ilikuwa ya maji ya machungwa.

Jengo lenyewe lilikuwa la kawaida mno, kwa hiyo niliachana nalo nikatazama kilichokuwa nyuma yake. Ukuta wa uani ulijengwa kwa mawe ya gumegume, na juu ya paa kulichomoza mnara wa kanisa wenye umbo la duara. Makanisa ya kale yenye minara ya namna hiyo yamejikusanya Norfolk na Suffolk. Norfolk peke yake ina zaidi ya 100, ilhali nje ya upande huo wa mashariki ni machache sana. Mnara ule mmoja ulinitoa katika nchi nzima ukaniweka katika kaunti mbili. Chini ya jina la baa palisomeka Bullards, kampuni ya bia ya mji wa Norwich iliyonunuliwa na Watney Mann mwaka 1963, jambo lililokubaliana na miaka ya baba. Kama lingekuwa tangazo la Bass au Guinness nisingelitilia maanani, maana bia hizo ziliuzwa kila pembe. Kampuni ndogo ya eneo ndiyo yenye uzito, kwa sababu nyingi za baa ilizozimiliki zilikuwa mahali ambapo magari yake ya bia yangeweza kufika bila taabu.

Baada ya hapo nilifungua ramani za zamani za Ordnance Survey, shirika la serikali la ramani la Uingereza, ambazo Maktaba ya Taifa ya Scotland imeziweka kwenye intaneti bila malipo, na ambazo mtu anaweza kuzilinganisha na picha za setilaiti za leo. Katika ramani hizo baa huandikwa P.H. Nilipita kanisa moja baada ya jingine nikitafuta P.H. iliyo upande unaofaa wa mnara, tena kwa umbali unaolingana na jinsi mnara ulivyoonekana pichani, na vijiji vingi viliondoka kwenye orodha kwa kipimo hicho tu. Kilichobaki nilikihakiki kwa dohani. Madirisha hubadilishwa na kuta hupakwa rangi, lakini dohani mbili zisizolingana, moja kwenye ncha ya paa na nyingine karibu na katikati, zilikuwa palepale. Baa hiyo sasa ni nyumba ya watu, ndiyo maana sikitaji kijiji.

Postikadi Kuukuu

Nakubaliana na ndugu yangu kuhusu kutazama pembeni, ila kwa sisi tunaokusanya postikadi kazi huanzia nyuma ya kadi. Uingereza iliruhusu ujumbe na anwani kuandikwa upande mmoja mwaka 1902, na gharama ya kutuma kadi ya nusu peni ilidumu hadi mwaka 1918 ilipopanda kuwa peni moja. Mambo hayo mawili, pamoja na kichwa cha mfalme kwenye stempu, hukupa kipindi cha kutafuta hata kama tarehe haisomeki. Muhuri wa posta unahitaji tahadhari: unaonyesha kadi ilikotumwa, na msafiri angeweza kununua kadi katika kijiji kimoja akaituma kutoka mji mwingine.

Nesi wa Zamu

Mimi nahudumia wazee Uingereza. Bibi mmoja alinionyesha picha ya nyanya yake akiwa mlangoni mwa baa isiyo na kibao kabisa. Niliiskani kwa ubora wa juu, na juu ya mlango yakajitokeza maandishi madogo yenye herufi ya kwanza ya jina, jina la ukoo na maneno ya leseni ya kuuza bia. Sheria iliwataka wenye leseni waandike majina yao hapo, kwa hiyo ubao huo mdogo mara nyingi una faida kuliko kibao kikubwa.

Tulitafuta katika vitabu vya biashara vya Kelly, yaani orodha za zamani za wafanyabiashara wa kila eneo, ambavyo vingi vimewekwa kwenye intaneti na Chuo Kikuu cha Leicester. Jambo la kuzingatia ni kwamba nyumba ndogo za bia, zilizoongezeka sana baada ya sheria ya mwaka 1830, mara nyingi huorodheshwa kwa jina la muuzaji tu, bila jina la baa. Anayetafuta kwa jina la baa atapita juu yake bila kuiona. Sisi tulitafuta jina la ukoo, tukapata vijiji kadhaa, kisha sensa ya mwaka 1911 ikatuachia kimoja chenye familia yenye watoto wa umri ule ule. Sensa ya mwaka 1931 msiisumbukie, kwani iliteketea kwa moto mwaka 1942.

Msomaji Kimya

Dada Nesi, na kama picha imechapishwa kinyume, kushoto kukawa kulia, na hakuna maandishi ya kusoma? Pia ndugu Mtunza Albamu, je, namba za magari hazisaidii?

Nesi wa Zamu

Tazama makoti ya wanaume. Kwa kawaida ubavu wa kushoto wa koti hufunika ule wa kulia. Ukiona wote wamefunga kinyume, igeuze picha kwanza ndipo uilinganishe na ramani.

Mtunza Albamu

Zinasaidia, lakini kwa kiasi. Tangu usajili ulipoanza mwaka 1904, herufi zilionyesha mamlaka iliyosajili gari: AH ilikuwa Norfolk, AF Cornwall. Zilipokuja namba za herufi tatu katika miaka ya 1930, ziangaliwe herufi mbili za mwisho. Hata hivyo gari la matembezi hutoka mbali, na baa nzuri huwavuta wapita njia. Mimi huliamini zaidi gari la mwokaji mikate au la muuza maziwa, kwa sababu lilizunguka vijiji vya karibu, na mara nyingi jina la mji limeandikwa ubavuni.